Taa ya Kwao

Chuang Pao-chu hatoki nyumbani bila plamu kavu za chumvi, vijitunda vyenye kokwa ndani. Huzinunua kwa mzee mmoja wa sokoni, huzifunga kwenye kitambaa na kuzisukumiza chini kabisa ya mkoba, pamoja na miwani, chupa ya maji na vibanio vya nywele. Mwanamke akimjia pale kwenye dawati la msaada ndani ya mahakama, anatetemeka, midomo imekauka, Pao-chu humpa kiti kwanza, kisha humwekea plamu kiganjani.

"Weka mdomoni," humwambia. "Usiitafune. Kaa nayo tu."

Wengi hudhani ni ukarimu, na ukarimu upo, lakini plamu ile ina kazi yake. Korido ya mahakama ni nyembamba, na waume nao hupita humo humo wakienda chooni. Mimi sijaona mume aliyeshtakiwa akaweza kupita kimya. Lazima atupe neno. Atamwita mkewe kwa jina la mapenzi la zamani, au atamuuliza kwa upole ni nani anayewalisha kuku siku hizi. Mwanamke akijibu, hata kwa neno moja, miaka yote ya hofu inarudi kumkaa kifuani, na akifika mbele ya jaji hana sauti. Mwenye kokwa mdomoni hajibu upesi. Jina lake likiitwa ndipo huitema kokwa kwenye kitambaa cha Pao-chu, na kufikia hapo mate yamerudi na sauti imerudi nayo.

Kazi yenyewe inaitwa kusindikiza. Pao-chu si wakili. Alishona miavuli kiwandani tangu usichana wake mpaka kiwanda kilipohamia ng'ambo, ndipo chama cha wanawake cha mji wetu wa Pingtung kikamchukua na kumfundisha. Kwenye kesi huketi ubavuni mwa mwanamke, upande wa kushoto siku zote, na haruhusiwi kusema lolote kuhusu kesi. Anaruhusiwa kushika mkono. Anaruhusiwa kumwombea mtu maji. Kesi ikiisha humtoa mwanamke kwa mlango wa nyuma, kupitia kijikoni cha wahudumu, huku askari wa mahakama wakimchelewesha mume kwa maneno ya hapa na pale mpaka pikipiki ya mkewe iwe imefika mbali. Wasichana wa ofisini humwita Dada Chu, ingawa kwa umri angeweza kuwa mama yao, na humtania kwamba ndiye mtu pekee anayelipwa kwa kukaa kimya.

Majira ya baridi, mwaka mpya wa kalenda ya mwezi ukiwa umekaribia, alikuja Liao Su-chin.

Alikuja na ndala miguuni, moja ya bluu na moja ya kahawia, kwa maana usiku aliotoka nyumbani hakuwa na nafasi ya kuchagua. Mumewe Kuo-pin ana duka la matairi, na mji mzima unampenda. Maandamano ya hekalu yakifika, yeye ndiye anayejaza upepo magari yote bila kudai hata asante. Ana maneno matamu na mkono mwepesi, na mkono huo ukishaingia ndani ya mlango wake unakuwa mwepesi kwa namna nyingine. Su-chin alieleza yote hayo akiangalia ndala zake. Mahakama ilimpa amri ya ulinzi ya muda: Kuo-pin asimpige, asimtafute, wala asiikaribie nyumba ya mama yake Su-chin, alikokimbilia, kwa umbali wa mita mia. Kesi ya kupata amri ndefu ingesikilizwa baada ya sikukuu.

Nyumba ya mama yake ndiyo iliyomfurahisha Pao-chu. Alikwenda kuikagua mwenyewe na askari wa kituo. Iko ndani kabisa ya shamba la mipopoo, mwisho wa njia ya udongo isiyokwenda kwingine kokote. Barabarani hupaoni. Hata ukisimama kwenye ngazi za hekalu dogo lililo mwanzo wa njia, utaona vichwa vya mipopoo vikitikisika tu. Kuna mbwa mkali, kuna kaka mtu, A-Tek, ambaye mikono yake imenenepa kwa kupanda miti ile, na kuna mama, Bi Kim, mwanamke mkavu wa maneno anayekunja tambuu kwa ajili ya vibanda vya barabarani tangu kuku hawajaamka. Pao-chu alirudi akamwambia mkubwa wake kwamba kama kila mwanamke angekuwa na kwao kama pale, wao wangekosa kazi.

Kitu kimoja hakukikumbuka, na yeye ndiye mtu wa mwisho aliyepaswa kukisahau.

Zikiwa zimebaki siku chache tu, Su-chin alimpigia simu. Sauti yake ilikuwa tulivu, na utulivu wa aina ile Pao-chu huuogopa kuliko kilio. Alisema usiku wa mkesha wa mwaka mpya hatakuwa kwa mama yake, anaona vyema ofisi ijue.

Pao-chu alikaa chini. Bila shaka hatakuwa. Kwetu binti aliyeolewa hali chakula cha mkesha kwao. Siku yake ya kwenda kwao ni siku ya pili ya mwaka, akiwa na mume na zawadi, na anarudi kabla ya jioni. Usiku wa mkesha akiiona taa ya kwao, kaka zake watafilisika, na mimba zilizomo nyumbani mule hazitashika. Aliyeachika na aliyekimbia ndio wabaya zaidi, maana hao wakiingia hawana mahali pa kurudi. Sheria ya nchi imefikiria makufuli, simu, umbali na faini. Mkesha haikuufikiria, na Pao-chu aliyejua aliona nyumba nzuri na mbwa mkali, akasahau kalenda.

Na pale kwa Bi Kim jambo halikuwa la mzaha. Hsiu-chuan, mke wa A-Tek, alikuwa na mimba iliyokwisha kuonekana, baada ya mbili kuharibika.

"Mama amesema niondoke usiku mmoja tu," alisema Su-chin. "Na mama mkwe alikuja jana. Alilia pale mlangoni. Anasema wameshaniwekea bakuli langu na vijiti vyangu mezani, na Kuo-pin ameapa mbele ya wazee waliotangulia kwamba hatanigusa tena. Yeye mwenyewe atanisubiri na gari pale hekaluni jua likizama."

Pao-chu alimweleza, polepole, kwamba mama mkwe hakutajwa kwenye amri, kwa hiyo hakuna wa kumzuia kuleta ujumbe, na wao wanalijua hilo. Alimweleza kwamba akilala pale usiku mmoja, wakili wa Kuo-pin atasimama mbele ya jaji na kuuliza ni hofu gani hiyo inayokula chakula cha mkesha na mtu inayemwogopa. Amri ndefu itayeyuka. Hayo ni ya mahakamani, akasema, na ya chumbani unayajua mwenyewe. Kisha akamwambia aje kwake: chumba ni kimoja, lakini godoro la pili lipo.

Su-chin alimshukuru kwanza.

"Dada Chu, si suala la godoro," alisema. "Kama mama yangu mzazi hanitaki usiku ule, basi mimi ni wa kule. Ni wa kule tu. Kuna haja gani ya kuzunguka?"

Maneno yale Pao-chu aliwahi kuyasema yeye mwenyewe. Alikuwa bado mfanyakazi wa miavuli, ameolewa na dereva wa lori, na mkesha mmoja alikimbilia kwao na uso umevimba. Mama yake alimpokea mlangoni, akamfuta damu, akamfungia keki ya figili bado ya moto kwenye jani, na hakumruhusu kuvuka kizingiti. Rudi kwa mumeo, alimwambia, ni usiku mmoja tu. Usiku ule mmoja ndio uliolichukua sikio lake la kushoto. Ndiyo sababu huketi kushoto kwa wanawake wake, ili sikio zima liwe upande wao. Watu wa ofisini hudhani ni mazoea tu, naye hajawahi kuwarekebisha.

Asubuhi ya mkesha, wakati watu wenye akili zao walikuwa wakibandika karatasi nyekundu milangoni, Pao-chu alipanda pikipiki yake akaenda shambani kwa Bi Kim.

Alimkuta uani ana beseni la popoo mapajani, anapaka chokaa majani ya tambuu na kuyakunja, upesi upesi. Su-chin alikuwa jikoni na wifi yake. Sauti ya kisu ilisikika, sauti ya mazungumzo haikusikika. Bi Kim hakunyanyuka.

"Umekuja kunifunga mimi?" aliuliza.

Pao-chu alisema amekuja kuomba. Aliomba kwa njia zote anazozijua. Alianza na sheria, Bi Kim akaendelea kukunja. Akaja kwenye wakili na jaji, Bi Kim akaendelea kukunja. Akasema kwamba wataalamu wa siku hizi wanasema mimba huharibika kwa sababu nyingine kabisa, na hapo Bi Kim akaweka jani chini.

"Mwanangu wa kike naujua uchungu wake, nilimzaa mimi," alisema. "Lakini yule mkwe wangu mara mbili nimemwona akifua mashuka alfajiri ili nisijue. Mara ya tatu ikitokea, na Su-chin alikuwa humu ndani, utakuja wewe kumwambia ni wataalamu? Una watoto wewe?"

"Sina."

"Basi usinipimie."

Lilimchoma, na halikuwa tusi geni. Pao-chu alivuta kigoda akahamia upande wa pili wa beseni.

"Niongeleshe upande huu, Mama," alisema. "Ule mwingine hausikii. Mama yangu naye aliniambia ni usiku mmoja tu."

Bi Kim alimtazama sikio, kisha akatazama majani yake. Alikunja tambuu tatu au nne nyingine, akazifunga, akampa Pao-chu kama mtu anayemaliza biashara. Pao-chu hatafuni tambuu, lakini alizipokea. Akiwa njiani kurudi alipita mbele ya hekalu, na watu walikuwa wakilifagia ngazi, na alijua kwamba ameshindwa.

Jioni alijipikia tambi na yai. Ndicho chakula chake cha mkesha kila mwaka. Huwasha televisheni, sauti juu, ili mpangaji wa chini asije akamwonea huruma na kumletea supu. Simu aliiweka karibu na bakuli. Aliiangalia jua likizama, akaiangalia giza lilipoingia, na tambi zikavimba bila kuguswa. Aliwaza kumpigia askari wa kituo, lakini angemwambia nini? Kwamba mwanamke mzima anakwenda kula kwa hiari yake?

Simu ililia fataki zikiwa zimeanza mjini. Alikuwa Su-chin, ananong'ona.

"Dada Chu, nipo kwa mama."

"Mbona unanong'ona? Yuko hapo? Kakufuata?"

"Hapana. Tuko gizani."

Na huku akicheka na kulia kwa zamu, akamsimulia.

Jua lilipoanza kushuka alikuwa ameshavaa viatu, na mkoba uko begani. Bi Kim akatoka jikoni, akamwambia avue, amshikie ubani kwanza. Akasimama mbele ya meza ya wazee waliotangulia, mahali ilipo picha ya mumewe marehemu, akachukua vile vibao viwili vya mti vyenye umbo la mwezi mchanga ambavyo kila nyumba huvitumia kuwauliza waliokufa. Kimoja kikianguka chali na kingine kifudifudi, marehemu amekubali. Vyote vikianguka kifudifudi, amekataa. Vyote vikianguka chali, anacheka, na mtu lazima aulize tena.

Bi Kim aliuliza kwa sauti ya mtu anayegombana na mumewe kuhusu bei ya mbolea.

"Mzee, wanasema binti asiione taa ya kwao usiku huu. Haya. Mimi nikiizima, ataona nini?"

Akavirusha. Vikaanguka chali vyote viwili. Akarusha tena, chali tena. A-Tek akasema kufa hakukumbadilisha baba hata kidogo, bado anacheka kabla hajajibu. Mara ya tatu kimoja kilianguka chali, na kingine kikazunguka, kikazunguka, kikalala kifudifudi.

Hapo Bi Kim alimgeukia mkwewe. Alimwambia kwamba mimba ni yake, kwa hiyo neno la mwisho ni lake. Hsiu-chuan alikuwa amejishika tumbo. Alisema mtoto huyu akija kuambiwa kwamba shangazi yake alifukuzwa kwa ajili yake, yeye mama yake hatakuwa na la kumjibu. Basi Bi Kim akapita chumba kwa chumba, akazima. Akazima sebule, akazima jiko, akazima balbu ya uani. Mwisho akazichomoa zile taa mbili nyekundu za meza ya wazee, ambazo hazikuwahi kuzimwa tangu nyumba ijengwe, akawaomba radhi wenyewe. Usiku ambao kila nyumba ya nchi hii huwaka mpaka alfajiri, nyumba ya kina Liao ilikaa giza totoro.

Wakala. Wakala samaki mwatiko gizani, na mwatiko ana miiba kama sindano. A-Tek akachomwa ulimi, akatukana, mama yake akamkemea kwamba leo ni mkesha. Ile mboga ya majani marefu, ambayo haikatwi ili maisha nayo yasikatike, ilimwangukia Su-chin mapajani, na hakuna aliyejua ni nani anacheka. Kulikuwa na mkono uliokuwa ukimtafutia bakuli lake na kumjazia, na Su-chin hakuhitaji kuuliza ni wa nani, ulinuka chokaa.

Mara moja mbwa alibweka sana upande wa njia. A-Tek alisimama. Bi Kim akamshika shati.

"Kaa chini," alimwambia. "Leo hapa hapana mtu."

Mbwa akabweka mpaka akachoka. Baadaye likasikika gari likiondoka, mbali, huko hekaluni.

Pao-chu aliikata simu, akakaa na lile bakuli la tambi zilizovimba. Alifurahi, na asije mtu akasema hakufurahi. Lakini usingizi haukuja. Aliwaza juu ya kitu kidogo kama swichi, na juu ya mama aliyezunguka chumba kwa chumba, na kila alipofumba macho alimwona yule mama mwingine, mlangoni, na keki ya figili.

Kesi ilisikilizwa majani ya mipapai yakiwa bado yana vumbi la fataki. Kuo-pin alikuja na shati jeupe na wakili kijana. Koridoni alimpitia mkewe, akamwambia amenenepa, kwa wema kabisa. Su-chin alikuwa na plamu. Alimtazama tu.

Ndani, jaji alikuwa mwanamke wa umri wa Su-chin, mwenye mafua. Wakili alisema kwa lugha nzuri kwamba hakuna haja ya kulinda nyumba ambamo mwombaji haishi. Mwombaji amekuwa akizurura, alisema, na upo uwezekano wa kuwepo mtu mwingine katika maisha yake. Alitaka kuendelea, lakini mteja wake alikuwa amechemka. Waliozoea kusikilizwa nyumbani hawajui kukaa kimya mahakamani.

"Mheshimiwa, ni mwongo huyu," alisema Kuo-pin. "Anasema anaishi kwa mama yake. Mkesha wa mwaka nyumba ile ilikuwa giza kama kaburi. Hata taa za wazee hazikuwaka. Familia gani hukaa giza siku ile? Walishafunga wakaondoka, na yeye alikuwa kwa mwanamume."

Jaji alipenga kamasi taratibu.

"Hata taa za wazee?"

"Hata hizo."

"Hizo huwa sebuleni," alisema jaji. "Uliziangalia kutoka wapi?"

Wahenga walisema ulimi uliponza kichwa, na siku hiyo ulikiponza mbele ya karani anayeandika. Wakili alifumba macho. Kuo-pin alisema aliona kutoka hekaluni. Jaji akafungua jalada, akatoa picha za askari wa kituo, akamwonyesha hekalu, na nyuma ya hekalu vichwa vya mipopoo. Kuo-pin akasema basi labda alisogea kidogo. Kidogo mpaka wapi, aliulizwa. Pao-chu aliukaza mkono wa Su-chin. Mtu huyu alikuwa amesimama dirishani usiku ule, na ndani walikuwamo mama mtu mzima, mkwe mwenye mimba na binti yule, na kilichomzuia ni giza tu, lililomwambia kwamba hamna mtu.

"Na wewe mama," jaji alimwambia Su-chin, "kwa nini nyumba ilikuwa giza?"

Su-chin aliitema kokwa kwenye kitambaa.

"Mama alizima taa, Mheshimiwa, ili nisiione. Ili niweze kukaa."

Karani aliacha kuandika. Jaji naye ni binti wa watu, naye ameolewa. Mkesha ule alikuwa amekula kwa wakwe zake kama sisi sote.

"Mlikula nini?" aliuliza, na swali hilo halimo katika sheria yoyote.

"Mwatiko, Mheshimiwa. Alikuwa na miiba sana."

Amri ndefu ilitoka wiki ile ile, na suala la Kuo-pin kuikaribia nyumba lilipelekwa polisi. Siku ya kesi Su-chin alitolewa kwa mlango wa nyuma, kupitia kijikoni, na wahudumu wakampa chungwa.

Jumapili iliyofuata Pao-chu alikwenda kumwona mama yake.

Mama yake anaishi kwa mwanawe wa kiume, mji wa jirani. Amekula chumvi nyingi, macho yamebaki kidogo tu ya kutofautisha dirisha na ukuta. Pao-chu humtembelea kila siku ya pili ya mwaka na siku nyingine chache, humkata kucha, humpa habari za majirani waliokufa. Habari za kazi hampi. Ya sikio hawajayazungumza hata mara moja. Lakini siku hiyo, wakiwa wawili tu sebuleni, huku akimkata kucha za mkono, alijikuta anaisimulia habari ya Bi Kim. Alisimulia vibao vilivyocheka na taa zilizozimwa, akasimulia samaki na mbwa. Alisimulia kama mambo ya watu wengine, kwa sauti ya kawaida, mpaka mwisho.

Kidole cha mama yake kilikuwa bado mkononi mwa Pao-chu.

"Sikujua kwamba inazimika," alisema mama.

Pao-chu alikuwa na maneno. Aliyaweka tayari miaka zaidi ya thelathini, ameyapanga na kuyapanga upya kitandani, na mengine ni makali. Yalikuja yote kwa pamoja yakamjaa mdomoni. Alivuta mkoba, akapekua chini ya miwani na vibanio, akatoa plamu, akajiwekea mwenyewe. Ilikuwa ya chumvi mpaka macho yakamtoka machozi, na alishukuru kwamba ilikuwa ya chumvi.

Mama yake aliusikia mkoba ukifungwa. Akajikokota, akasimama, akanyoosha mkono hewani.

"Swichi ya hapa iko wapi?" aliuliza. "Siku hizi sioni. Nionyeshe, nijizoeze kabla ya mkesha ujao."

Pao-chu alimshika mkono, akampeleka polepole mpaka ukutani kando ya mlango, akamwekea vidole juu ya swichi. Mama yake akabonyeza. Taa ikazimika, ikawaka, ikazimika tena, na mzee akaendelea kubonyeza hivyo hivyo, ameinamisha kichwa, mpaka alipoona vidole vimeizoea.